Habari ya Wanaosemwa Kuwa Wamelipwa Wabadili Dini
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



 Katika mkutano wa mwaka uliopita ililetwa hoja kwamba jamaa tatu zifutwe katika daftari ya chama, zisipate tena msaada wa mazishi wala wa karo, kwa sababu zimeacha dini zilizozaliwa nayo na kuingia dini nyingine, na inasemekana zililipwa fedha ili zifanye hivyo. Mkutano haukukata shauri. Watu watatu tuliteuliwa twende tukaulize, kisha tulete habari. Wenzangu wawili wameniachia mimi kazi ya kusema, labda kwa kuwa mimi ni mzee kuliko wao na sina tena cheo cha kupoteza.

Nitaanza na maneno yenyewe kama tulivyoyasikia. Katika vijiji vya mashariki ya Kitui tuliambiwa kwamba wageni hupita na gari, na kila asilimuye hupewa shilingi 5,000. Tulipovuka kuingia Makueni fedha ile ilikuwa imekwisha kuzaa: sasa ni shilingi 20,000, na pikipiki juu yake. Karibu na Kibwezi tuliambiwa ni mbuzi wawili na tangi la maji. Kila tuliyemwuliza alikuwa na habari kamili. Walakini hakutokea hata mmoja aliyeona kwa macho yake fedha ikitoka mkono huu na kuingia mkono ule. Huyu alisikia kwa shemeji yake, na shemeji alisikia sokoni. Shemeji mmoja tulimfuata mpaka Emali, naye akatuambia kwamba alizipata habari hizo kwa yule yule aliyetutuma kwake.

Wala lawama hii si ya upande mmoja, kama wengi wetu tulivyodhani. Waislamu wa mji wa Kitui, ambao wengine wao ni wajukuu wa wafanya biashara wa pwani na wa Wakamba waliooana nao, walitupokea kwa heshima wakatueleza malalamiko yao. Wasema kwamba mtoto wao akipata mfadhili katika shule fulani ya bweni, huambiwa, si kwa ukali bali kwa upole wa kurudiarudia, kwamba mfadhili angefurahi sana kama mtoto angebatizwa. Nao pia hulitumia neno lile lile: watoto wetu wananunuliwa. Na makanisa nayo husemana hivyo hivyo yenyewe kwa yenyewe. Kanisa la kale lasema hema jipya lawavuta watu kwa unga, na wa hema jipya wasema kanisa la kale lilianza kwa sukari na blanketi.

Naomba wazee wanivumilie nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili katika Ukambani si la jana.

Dr. Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, na tena mwaka 1851, hakupata mfuasi. Alichopata ni urafiki wa Kivoi, yule mfanya biashara mkuu wa Kitui, naye Kivoi aliuawa mwaka huo wa 1851 walipokuwa pamoja safarini karibu na mto Tana. Mwaka 1891 Walutheri wa Kijerumani walijenga Ikutha, na mwaka huo huo Waskoti walijenga Kibwezi, wakaihama mwaka 1898 kwa ajili ya homa wakaenda nchi ya Kikuyu. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifika Nzaui mwisho wa mwaka 1895, naye akafariki Desemba 1896. Waliowasikiliza watu hawa walikuwa wachache, na waliobatizwa wachache zaidi. Wazee wetu walikuwa na Mulungu wao na mathembo yao, wala hawakuona haja ya kingine.

Kisha ikaja Yua ya Ngomanisye, ile njaa kuu ya mwaka 1898 na 1899. Mvua zilikosa, tauni ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kupunguza mifugo, ndui nayo ikaingia. Wenye nguvu walihama kwenda kutafuta chakula kwa majirani. Wanawake na watoto wakakimbilia palipopikwa kitu, na palipopikwa kitu mara nyingi palikuwa ni misheni, au kituo cha Serikali kando ya reli iliyokuwa ikijengwa. Watoto yatima wakabaki misheni, wakakua huko, wakasoma, wakabatizwa. Je, watoto wale walinunuliwa? Ndugu zao waliobaki vijijini waliweza kusema ndiyo. Wamisionari waliweza kujibu kwamba waliwaokoa wasife. Kwa maoni yangu maneno hayo mawili yaweza kukaa katika nyumba moja bila kupigana: uji ulitolewa kwa huruma, na mtoto alibatizwa kwa sababu ya uji.

Nisiwasemee wengine tu. Marehemu baba yangu alichunga mbuzi mpaka akawa kijana mwenye ndevu. Alipotaka kujifunza kusoma aliambiwa penye shule ya karibu kwamba asiye na jina la ubatizo hana nafasi darasani. Akaenda, akafundishwa maswali na majibu yake, akabatizwa, akapata jina, akapata na kibao cha kuandikia. Alitueleza jambo hili waziwazi, akicheka. Sasa, mtu huyo aliyebatizwa kwa ajili ya kibao alikuwa mzee wa kanisa kwa zaidi ya miaka arobaini, na usiku aliokufa aliomba kwa sauti mpaka pumzi ikakatika. Kama mngemwuliza siku ile ya kwanza, alikuwa amelipwa. Kama mngemwuliza siku ya mwisho, angewafukuza nyumbani kwake. Mimi mwanawe sijui ni siku gani kati ya hizo alianza kuamini, na nadhani hata yeye hakujua.

Katika miaka ya 1950 mapadre wa Kiltegan walikuja Kitui kutoka Ireland. Nchi yao yenyewe ilikuwa na habari kama hii yetu. Njaa kuu iliyoanza huko mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, iliua watu wapatao milioni moja. Wako watu wa dini waliopika supu na kuwagawia wenye njaa, na baadhi yao waliitoa kwa sharti kwamba Mkatoliki aje asikilize mafundisho ya Kiprotestanti na watoto wake wasome katika shule yao. Maquaker walipika vile vile, wala hawakuweka sharti lo lote, na Waireland wanawakumbuka kwa wema mpaka leo. Lakini angalieni jambo moja. Waliokubali sharti wakapewa jina la dharau, wakaitwa watu wa supu, na jina hilo likawafuata watoto na wajukuu. Aliyebandikwa jina ni yule aliyekuwa na njaa. Mpishi aliyeweka sharti alikwenda zake.

Ndiyo maana hoja iliyo mbele yetu imenisumbua usingizi. Yataka tumfute aliyepokea. Aliyetoa, kama yuko, haimgusi hata kidogo.

Walio wengi kati yetu wamewahi kupita Makindu kwa barabara ya Mombasa. Pale pana hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na watu wao waliofanya kazi ya reli. Mpita njia ye yote akiingia hupewa chakula, tena chakula kizuri, na akichelewa hupewa mahali pa kulala. Haulizwi jina wala dini; hutakiwa tu kuvua viatu na kufunika kichwa. Imekuwa hivyo kwa muda mrefu, na sijasikia Mkamba mmoja wa Makueni akilalamika kwamba Masingasinga wananunua watu. Kwa nini? Chakula ni kingi kuliko kile kinachosemwa kutolewa huko vijijini. Sababu ni kwamba akila mtu na kuondoka na dini yake, kesho akirudi atapewa tena.

Nafikiri hapo ndipo tunapoweza kuweka kipimo. Tusiulize kama mwongofu alipata kitu, maana mtu akiingia katika jamaa ya waumini karibu kila mara hupata kitu. Wakristo wana sanduku la maskini. Waislamu wana zaka, na katika Kurani, sura ya 9 aya ya 60, wametajwa watu wa namna nane wanaostahili kupewa zaka hiyo, na mmoja wao ni yule ambaye moyo wake unavutwa au kutiwa nguvu katika imani. Imesimuliwa kwamba Khalifa Umar aliacha kulitoa fungu hilo, akisema Uislamu umekwisha kupata nguvu, wala wanavyuoni hawakukubaliana wote juu ya jambo hilo. Nayataja haya kwa sababu wako wanaoisoma aya hiyo kama bei ya mtu. Sheikh mmoja wa Kitui tuliyemwuliza alitujibu kwamba asiyeamini akichukua fedha na kusema ameamini, amejipunja mwenyewe, na aliyempa amemsaidia kusema uongo. Wakristo nao wanajua habari ya Simoni mchawi katika Matendo ya Mitume, aliyemletea Petro fedha apewe uwezo wa Roho, akakemewa yeye pamoja na fedha zake.

Kwa hiyo swali langu ni hili: yule jirani aliyekataa kubadili, je, naye alipewa? Kama kisima kikichimbwa kando ya msikiti hutekwa na Mkristo, au hospitali ya kanisa humtibu Mwislamu bila kumchelewesha, hiyo ni sadaka, na anayeitwa mnunuzi anasingiziwa. Kama unga hutolewa kwa waliotaja majina mapya tu, na aliyekataa hurudi na gunia tupu, basi hiyo ni bei, iwe imetolewa kwa kofia au kwa msalaba. Na mtoto mdogo, aliye mbali na wazazi wake, asiguswe kabisa katika jambo hili. Hapo sihitaji kipimo. Chama cha Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine waliandika kanuni zao mwaka 1994, wakakubaliana kwamba msaada wa maafa hautatumiwa kueneza siasa wala dini.

Wako wanachama vijana waliosema: tuombe sheria itungwe, anayelipa na anayelipwa wafungwe. Nimejaribu kusoma habari za mahali ilipofanywa hivyo. Huko India jimbo la Orissa lilitunga sheria mwaka 1967, na Madhya Pradesh mwaka 1968, kukataza watu wasigeuzwe dini kwa nguvu, kwa hila au kwa vishawishi, na Mahakama Kuu kuliko zote ya nchi ile ilizikubali mwaka 1977. Majimbo mengine yamefuata. Lakini wengi wamelalamika tangu hapo kwamba sheria za namna hiyo zimekuwa fimbo mkononi mwa wengi ya kuwapigia wachache, maana ni nani atakayepima kishawishi? Nguo ya shule ni kishawishi? Dawa ya mgonjwa je? Hapa kwetu Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 8, yasema hakuna dini ya Serikali. Na Ibara ya 32 yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, yakataza mtu asinyimwe kazi wala huduma kwa ajili ya imani yake, na yakataza asilazimishwe kutenda lisilopatana na imani hiyo. Bwana Mwenyekiti, chama hiki hutoa huduma ya mazishi na ya karo. Tukizifuta jamaa tatu kwa ajili ya dini, sijui tutamwambia nini mwanasheria.

Sasa nieleze tuliyoyakuta katika jamaa hizo tatu. Majina nayaacha.

Wa kwanza ni mzee wa mashariki ya Kitui. Alifanya kazi bandarini Mombasa kwa miaka mingi, akaoa huko, akasilimu kabla ya kuoa. Alirudi nyumbani na dini yake kama wengine wanavyorudi na redio. Lile tangi la maji linalosemwa lipo kweli. Lilijengwa kwa mchango wa rafiki zake wa pwani. Siku tuliyofika tuliona punda wanne wakingoja zamu, na mmoja wao alikuwa wa yule aliyeleta hoja katika mkutano wetu. Sikumwuliza kitu. Mchana ulikuwa wa jua kali.

Wa pili ni kijana, na huyu nasema bila kumficha: aliahidiwa. Alituambia mwenyewe kwamba mtu mmoja asiye wa kijiji kile alimwahidi mtaji wa kuanzisha kibanda cha biashara akisilimu, akampa sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili haikuja. Basi akaacha kwenda msikitini. Tulipozidi kumwuliza ilionekana kwamba kabla ya hapo amebatizwa mara mbili, katika makanisa mawili, na kila mara palikuwa na jambo dogo lililotarajiwa. Imamu wa mji hakumjua mtoaji huyo wala hakupendezwa na habari ile. Kwa hiyo wasiseme wenzetu kwamba hatukupata kitu, tulipata kimoja. Huyo kijana hana kazi tangu amalize shule. Sidhani kumfuta kutampa kazi.

Wa tatu ni mama mjane wa Makueni, na hapa maneno yangu ni mazito, maana yanihusu mimi. Mwaka 2022, baada ya mvua kukosa msimu baada ya msimu tangu mwaka 2020, mama huyu aliandikia chama chetu barua akiomba karo ya watoto wawili. Barua ni tatu. Nimeziona katika faili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba Halmashauri haijakutana. Ya tatu ilijibiwa kwamba mfuko hautoshi, na angoje mwaka ujao; jibu hilo lina sahihi yangu. Katika mwaka huo huo, kama taarifa ya hesabu inavyoonyesha, tulitumia fedha kwa mahema na chakula cha mkutano huu. Watoto wale walikaa nyumbani muhula mmoja. Kisha akina mama wa msikiti wa mji alikokuwa akiuza mboga walisikia, wakachanga, mtoto mkubwa akarudi shule. Baada ya miezi minane mama yule akasilimu.

Tulimwuliza kama walimwambia asilimu ndipo walipe. Alikaa kimya kidogo, akiendelea kuchambua pojo zake, kisha akasema: "Hapana, wazee wangu. Wale walikuja kuniuliza mtoto yuko wapi. Nyinyi mmekuja leo kuniuliza dini yangu iko wapi." Mwenzangu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote tulipoondoka nyumbani, alitoka nje akasimama chini ya mwembe.

Wazee mnajua kwamba zamani, mashtaka mazito kama haya yasingepita sokoni hivi. Mshtaki angeletwa mbele ya nzama, na kama hakuna shahidi, kithitu kingewekwa chini, naye angetakiwa kuapa akijua kwamba akisema uongo hatakufa peke yake. Wengi walikuwa wakifika hapo hukumbuka ghafula kwamba hawakuona vizuri. Sisi wa chama, Wakristo kwa Waislamu, kithitu tumekiacha, nami siombi kirudishwe. Lakini pamoja na kile kiapo tumeacha pia ile hofu ya kumtaja mtu bure, na hilo lanisikitisha.

Basi sisi watatu tumepatana hivi. Hoja ya kufuta majina iondolewe, na jamaa zote tatu zibaki katika daftari kama zilivyo. Tangu leo anayetaka kumshtaki mwanachama kwamba amelipwa, au mtu ye yote kwamba amelipa, na alete barua yenye sahihi yake, aseme aliona nini, wapi, siku gani. Barua ya kusikia isisomwe. Kama fedha imetolewa kwa sharti, Halmashauri iende kwa mtoaji na kwa wakubwa wa dini yake, ikaseme naye uso kwa uso, iwe ni imamu au mchungaji. Na barua ya karo ya mjane isilale mezani zaidi ya siku 30 bila jibu. Kama mfuko hautoshi, tupunguze mahema.

Mtoto wa pili wa yule mama bado hajalipiwa muhula ujao. Nimempa Bwana Mweka Hazina shilingi 2,000 asubuhi hii, na stakabadhi ninayo. Kitabu chake kiko wazi pale mlangoni mpaka saa kumi.